Mkwe Aliyeijua Yurea

Tangu Seth arudi kutoka China, alikopelekwa miezi minne kusomea mitambo, Yunia hakuwahi kumsikia akisema jambo fupi. Kila Jumapili alikuja kijijini Kiptere na mkewe, Mellen, bintiye Yunia, akajitandaza sebuleni na kumweleza mama mkwe jinsi makaa ya mawe yanavyotiwa kwenye tangi pamoja na mvuke na oksijeni kidogo, yakageuka gesi badala ya kuungua yote. Gesi ikawa amonia, amonia ikawa mbolea ya yurea, nyeupe kama chumvi. Alieleza kana kwamba makaa hayo aliyachimba yeye. Yunia alimdharau kuanzia utosini hadi kwenye vile viatu vyake vilivyochongoka, ila hakunena kitu. Kwa Wakisii, mama mkwe hajibizani na mume wa binti yake. Hata kumtazama usoni huepuka.

Jumamosi moja Seth alifika asubuhi na mapema na magunia mawili ya yurea, eti amsaidie mama kuweka chai mbolea. Umande ulikuwa bado umejaa kwenye majani. Yunia, aliyeitunza michai ile miaka thelathini, alijua kwamba mbolea hurushwa majani yakishakauka, la sivyo chembe hunata na kuyachoma. Mtoto yeyote wa Kiptere anajua hivyo. Mtaalamu alikuwa tayari amekunja mikono ya shati.

"Mama, hii ni kemikali," alisema akirusha. "Hii si mambo ya kienyeji."

Mellen aliingiwa na wasiwasi, akamvuta mamake kando na kumuuliza kama ni sawa. Neno moja kupitia kwa binti lisingevunja heshima yoyote.

"Mimi najua nini?" Yunia akamjibu. "Uliza yule amesoma."

Akaingia jikoni kuchemsha maziwa, roho yake imetulia tuli, akingoja kumwona mwanamume huyo akiumbuka.

Baada ya siku nne chai yote ilikuwa imebabuka, machipukizi meusi. Karani wa kituo cha kununulia majani alishika konzi moja, akairudisha kikapuni, akamwambia Yunia asilete tena mpaka chai ichipuke upya. Jioni Seth akapiga simu. Alisema hali ya hewa ya Kericho imeharibika siku hizi, kisha akamweleza tena habari za amonia. Yunia alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameitoa chai yake kafara ili mkwe aaibike, na mkwe hata aibu hakuiona.