Kuhesabu Kabla ya Kuosha

Siku Marthe alipokimbia Uvira, mwaka ule wa tisini na sita, mkono mmoja ulishika kifurushi cha nguo na mwingine kasha la mbao lenye mshikio wa kamba. Mama mkwe wake, Anastasie, alisimama mlangoni akiitazama mashine yake ya kushona. Ilikuwa ya chuma, na meza yake, haibebeki ila na watu wawili. Anastasie alimtazama mkwewe, kisha akalitazama kasha. Boti ilikuwa inajaa. Mashine ikabaki.

Walishukia Ubwari, kijiji alichozaliwa Anastasie. Mwanawe, mume wa Marthe, alikuwa amefariki miaka miwili kabla ya vita bila kuacha mtoto, na hakuna ambaye angewalaumu kama kila mmoja angeshika njia yake. Hawakuachana. Lakini siku kasha lilipofunguliwa, Anastasie hakuona dawa wala vyombo, bali vipande vyembamba vya kioo mia moja na arobaini, vimepangwa wima, kila kimoja na namba yake.

"Hii ni nini?"

"Ni matope ya ziwa, mama."

Anastasie akachukua ndoo akaenda kuchota maji. Tangu siku ile alizungumza naye habari za chumvi na kuni, basi.

Haikuwa rahisi kumweleza. Kabla ya vita Marthe alifanya kazi ya maabara chini ya Profesa Henri. Henri na wenzake walizamisha bomba refu katika kilindi mbele ya Ubwari, wakalitoa limejaa matope yaliyotuama tabaka juu ya tabaka: la juu ni la juzi, la chini lina maelfu ya miaka. Ndani yake mna magamba ya mwani, viumbe wadogo mno wasioonekana kwa macho. Mwani wenyewe huoza, ila magamba yao ni kama kioo, hayaozi. Wako wanaoelea katikati ya ziwa, na wako wanaong'ang'ania mawe ya ufukoni. Ukikuta wa ufukoni wamejaa katika matope ya kilindini, ujue wakati ule ufuko ulikuwa karibu: mvua zilikatika, ziwa likarudi nyuma. Ukiwahesabu, unasoma mvua na ukame wa enzi ambazo hakuna aliyeziandika.

Marthe alikuwa amehesabu vioo thelathini na kimoja tu vita vilipoingia. Baadaye alisikia kwamba matope yaliyobaki yalimwagwa uani mwa maabara na watu waliodhani mna dhahabu. Henri alikuwa ng'ambo, hakuna barua. Ziwa zima la zamani lilikuwa limebaki ndani ya kasha lile.

Vita vya pili vilipowaka, Marthe alisikia kwamba kituo cha afya cha kijiji cha pili kina mikroskopi ya zamani, ile inayopokea mwanga wa jua kwa kioo cha chini, isiyohitaji umeme. Akalibeba kasha, akaenda kumwomba muuguzi, Isidore, amruhusu kuitumia mchana wagonjwa wakiisha.

Isidore alikuwa mtu mwembamba, mpole, aliyebaki pale wenzake walipovuka kwenda Kigoma. Alifungua kasha, akatazama muda mrefu.

"Mama Marthe, chombo utatumia. Mi sikatae," alisema. "Lakini angalia." Akamwonyesha vioo vinne vilivyokwaruzika. "Hivi tu ndivyo niko navyo kwa kupima damu ya bantu bote ba huku. Kinini iko kidogo. Mwenye malaria nimupe, mwenye kimputu, ile homa ya papasi, nimupe dawa ingine. Kioo kikikosa, ninabahatisha."

Wote wawili walikuwa wanalitazama kasha.

"Sikulazimishe," Isidore akamalizia.

Marthe akafunga kasha, akasema mvua inakuja, akarudi nyumbani. Mvua haikuja.

Siku nne alikaa nalo chini ya kitanda. Siku ya tano mvuvi mmoja, Zuberi, alibebwa hadi kituoni kwa machela. Vioo viwili kati ya vile vinne vilikuwa vimevunjika, foleni ndefu, na Isidore akabahatisha malaria. Ilikuwa kimputu. Zuberi alipona, ila kwa shida, na kinini cha kutosha watu watatu kilikuwa kimepotea bure. Marthe aliyasikia hayo kisimani kutoka kwa Samira, mke wa Zuberi, ambaye alisimulia bila kumlaumu yeyote. Jioni ile alilivuta kasha kutoka chini ya kitanda.

Asubuhi alikwenda kwa Isidore. "Nitakupa," alisema. "Lakini kila kioo nikihesabu kwanza. Nikiisha kuhesabu, ni chako."

Ndivyo kazi ilivyoanza. Gundi iliyoshika magamba ililegezwa kwa moto wa makaa, kioo kikaloweshwa katika esansi kidogo, ile petroli ya mota ya boti, kikaoshwa kwa sabuni. Kilichobeba ziwa la miaka elfu moja iliyopita kikatoka kitupu, tayari kwa tone la damu. Kila kioo kilitaka yahesabiwe magamba mia tatu, na mchana mmoja ulitosha vioo viwili, maana kila alipoinua jicho kuandika alipoteza mahali alipofika.

Siku ya tatu Anastasie alimletea mihogo, akamkuta anafuta machozi ya uchovu. Akavuta kigoda, akachukua daftari.

"We hesabu. Mi nitaandika."

Marthe alianza kutaja majina ya Kilatini. Anastasie akaweka kalamu chini. "Hayo majina yanavunja ulimi. Hicho kinafanana na nini?"

"Ni cha duara, mama, na vitundu katikati."

"Kifungo. Na kile kingine?"

"Chembamba, kirefu."

"Sindano."

Wale wa ufukoni, waliochongoka pande zote mbili, wakawa mitumbwi. Basi kila mchana dirishani ikawa kifungo, kifungo, sindano, mtumbwi, na Anastasie akachora vijiti, vinne vya wima na cha tano kukata. Mazungumzo yao hayakuwa tena ya chumvi na kuni tu.

Walipofika kioo cha sentimita ya tisini na mbili, yaani kina cha matope yale ndani ya bomba, vijiti vya mitumbwi vilijaza ukurasa. Marthe aliinua kichwa. "Hapa ziwa lilirudi nyuma sana, mama. Miaka mingi ya jua."

Anastasie alifikiri. "Na bantu balienda wapi?"

"Matope hayasemi."

"Balienda mahali," Anastasie alisema, akageuza ukurasa.

Mwaka uliofuata risasi zililia upande wa Baraka, zikasogea. Kijiji kikakimbilia milimani. Marthe alikuwa shambani, akapanda na waliokuwa karibu, na usiku mzima hakujua kama mama mkwe yu hai. Walikutana kesho yake kwenye migomba ya watu. Anastasie alikuwa mikono mitupu, hana sufuria wala blanketi. Alifungua kitenge tumboni: daftari lilikuwa pale, limelowa jasho pembeni.

"Mama, hata sufuria hukubeba?"

"Sufuria tutaazima," alisema Anastasie. Kisha, bila kumtazama, akaongeza, "Ile mashine nayo ilikuwa nzito. Tungezama nayo."

Marthe alimshika mkono, wakakaa hivyo hadi mvua ilipowaondoa.

Henri alirudi mwaka wa elfu mbili na nne. Alikuja Ubwari kwa boti kutoka Baraka, mvi zimemjaa, na Marthe akampeleka kituoni kwa Isidore. Shirika moja lilikuwa limeanza kuleta vioo vipya, kwa hiyo hamsini na viwili vya kasha vilikuwa havijaoshwa, ingawa baadhi vilikuwa vimekwisha hesabiwa. Alihesabu upya kumi kati ya vile vilivyomo daftarini, hesabu zikalingana. Kisha akaulizia kile cha sentimita tisini na mbili.

"Kilioshwa," Marthe alisema.

"Hicho ndicho ningekitaka kuliko vyote."

"Najua, Profesa."

Henri alitazama nje, ambako Isidore alikuwa akiwaita wagonjwa mmoja mmoja. "Hesabu isiyo na kioo haiwezi kukaguliwa," alisema mwishowe. "Nitaandika hivyo, kwamba vioo havipo, na sababu yake. Atakayekubali akubali. Na huyu aliyechora vijiti, naye jina lake litakuwemo."

Anastasie aliitwa. Walipitia kurasa pamoja, Henri akiandika Kilatini juu ya kila kifungo na sindano. Kwenye ukurasa mmoja mistari mizima ilikuwa imekatwa.

"Hapa, mama, kwa nini ulifuta?"

"Hapo Marthe alisinzia juu ya chombo," Anastasie akasema. "Akaendelea kutaja. Na mi niliandika, mpaka nikaona anataja maharage."

Henri akacheka hadi akavua miwani, na Anastasie akamgeuzia ukurasa uliofuata.