Kilima Kilichopoa

Tangu mlima wa Nyiragongo ulipopasuka juu ya kijiji chao, karibu na Goma, Sylviane hakuwa na usingizi. Kila akifumba macho aliuona ule uji mwekundu wa mawe ukishuka taratibu, ukimeza migomba, ukimeza jiko lake, bila haraka yoyote.

Siku hiyo alimsindikiza Awut, jirani yake katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, kupimwa macho mjini Lodwar. Walimaliza mapema, wakakaa kungoja gari la kurudi. Sylviane akawa anakikodolea macho kilima cheusi nyuma ya mji.

"Ile ni volkano," alisema.

"Ni mlima tu."

"Mawe yake nayajua, dada."

Akainuka na kwenda. Awut, macho yakiwa bado na ukungu wa dawa, akamfuata huku ameshika pindo la kitenge cha mwenzake. Kwa jua lile, kilima kilikuwa kama kinaelea. Huko juu walimkuta Apua, mama wa Kiturkana, akichunga mbuzi.

"Ejok," Apua aliwasalimu. "Munatafuta nini?"

"Kama moto iko ndani," Sylviane alijibu.

Apua akacheka kidogo. "Hii ilizima zamani. Hata babu ya babu yangu hakuona moto. Mbuzi wangu inazaa hapa."

Sylviane aliinama kwenye kivuli cha jabali, akapapasa. Baridi. Jiwe lilikuwa na vitundu vitupu, mahali ambapo hewa ya chini ya ardhi ilitokea siku mawe yalipoyeyuka na kupanda kwenye nyufa. Katika ufa mmoja palikuwa na udongo wa kujaa kiganja, na majani, na mbuzi akiyatafuna. Kwao, maharage yake yalistawi kwenye udongo mweusi kama huo, uliotokana na majivu ya mlima uleule uliomeza jiko lake.

Akalala chini, akabandika sikio kwenye jiwe. Chini kulikuwa kimya. Kimya kile kikampanda polepole kama maji ya uvuguvugu. Akauona uji mwekundu ukirudi kilimani, na nyuma yake wanawake wakipanda maharage, wakiongea.

Honi ililia mjini.

"Gari yenu hiyo," Apua alisema.

Awut alivua shuka alilojitanda, akamkinga Sylviane jua.

"Iende," alinong'ona. "Huyu sijawahi kumsikia akikoroma."