Koti Tunduni

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ni fundi bati, na jiko la kuni lililokuwa hemani mwetu alilitengeneza kwa mikono yake. Nilimchukua twende mlimani anisaidie kazi ya upimaji wa ardhi. Siku ya kwanza ya kuliwasha alinipa masharti utafikiri daktari: bomba la moshi lisiguse turubai, na tundu la hewa lililo chini ya ukuta wa hema lisizibwe hata upepo uvume vipi.

"Jiko nalo linavuta pumzi, shemeji," alisema. "Ukilinyima hewa, litachukua ya kwetu."

Nilimkumbusha bosi ni nani.

Adhuhuri moja upepo uligeuka ghafla. Ukapenya tunduni na kupeperusha karatasi za vipimo vya wiki tatu, na mimi sina mzaha na karatasi zangu. Shemeji alikuwa nje akikaza kamba. Nikavua koti, nikalisokomeza kwenye tundu, nyuma ya meza yangu. Aliporudi nikafunga zipu ya mlango mpaka chini. Karatasi zikatulia mezani, nikajiona mjanja.

Akakaa karibu na jiko, akanitania kwamba napenda karatasi kuliko watu. Nikaendelea na hesabu. Kila upepo ulipolipiga hema, moshi kidogo ulirudi ndani. Kichwa kikaanza kunigonga, nikasingizia njaa. Nikakosea jumla ileile mara tatu.

"Nisomee kipimo cha mwisho," nilimwambia.

Nikasubiri, kalamu mkononi.

"We shemeji, nimekuleta huku kulala?"

Kidevu chake kilikuwa kimeangukia kifuani. Mtu huyu hanyamazi hata akitafuna. Niliposimama nilishika meza nisianguke, macho yakaangukia koti langu pale tunduni, na hofu ikanishika mwili mzima.

Zipu ikakwama. Niliivuta, nikaitukana, kisha nikachukua kisu nikaupasua mlango toka juu hadi chini. Upepo ukaingia wote, karatasi zikaruka, zikatoka, zikateremkia bondeni. Sikuzitazama. Nilimshika makwapani nikamburura hadi kwenye majani, nikampiga vibao mashavuni nikimwita kwa jina, jina ambalo sijalitamka tangu aoe kwetu. Nilikuwa nawaza nitamwambia nini mdogo wangu.

Akakohoa. Akatapika. Akafumbua macho, akaliona hema lililochanika.

"Nisamehe, shemeji," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Itakuwa kiungo cha bomba kimevuja. Nilikiunga vibaya. Ningekuua."

Ningeweza kunyamaza. Koti lilikuwa ndani, na yeye hakuwa ameliona. Nikabana pumzi, nikarudi hemani, nikalichomoa na kumletea.

"Lilikuwa tunduni," nilimwambia. "Niliziba mimi, kwa ajili ya karatasi."

Alilipokea, akaligeuza mikononi. Halafu akalivaa, maana alikuwa anatetemeka, wala hakunitania.