Makaa ya Kumuagia Stephano

Nimezurura miji mingi na nimesali popote nilipokuta mlango wazi, lakini uchafu kama ule wa kigango chetu hapa Gongo la Mboto sijauona kwingine.

Tulikuwa tunamuaga rafiki yangu Stephano, mchonga vinyago. Dada yake, Mwanaheri, ni Mwislamu; kwao kusini ndugu wa tumbo moja hugawana dini hivyohivyo. Hakuwahi kukanyaga kanisani. Siku hiyo alikuja, ubani kaufunga kwenye pindo la khanga.

"Kaka Romani, mfukizieni ndugu yangu kwa huu. Ndio wa nyumbani kwetu. Nikisikia harufu yake nitakaa mpaka mwisho."

Akanimegea nusu, nikampelekea Deogratias, mtunza sakristia. Kisha nikakaa na Mwanaheri benchi la nyuma.

Padri akashika chetezo, akakizungusha juu ya jeneza, minyororo ikilia. Moshi ukatufikia. Mama yangu! Mafuta ya nguruwe, yale yanayodondokea makaa yakaungua! Ubani wa watu umezama humo kama ua chooni. Na waumini kimya, wanapiga ishara ya msalaba kama hawana pua.

Mwanaheri akaziba uso na khanga. "Nini hii, Romani?"

Akainuka, akatoka.

Ibada ilipokwisha nikamvaa Deogratias. "Makaa umetoa wapi?"

"Shikamoo, mzee. Pale kwa Audax, kwenye kitimoto. Yalikuwa yameshawaka."

"Na jiko la kanisa?"

"Limejaa majivu, nani ayazoe? Moshi ni moshi, mzee. Kwani marehemu kalalamika?" Akacheka.

Nusura nimtapikie kanzu yake nyeupe. Nikampokonya chetezo, nikamwaga makaa mtaroni. Yakachemka kama kikaango.

Nje, Mwanaheri alikuwa kachuchumaa mlangoni. Kaomba makaa kwa muuza chai, kayaweka kwenye kigae cha chungu, na ile nusu ya ubani iliyobaki inafuka. Wabeba jeneza wakasita.

"Piteni," akasema. "Namsindikiza wangu."

Wakapita katikati ya ule moshi, safi, wa nyumbani kwao. Naye akafuata nyuma.

Shati nililovaa siku ile nimelifua nikachoka. Bado linanuka nguruwe. Jana nimelichoma.