Maoni ya Aslaug kuhusu Mzimu

Kikundi cha wasomaji cha maktaba ya Ålvik kilikuwa kimekwisha kukubaliana kwamba mjane katika riwaya ile hakuona mzimu wowote. Halvard, mwalimu mstaafu, ndiye aliyekata shauri.

"Ni upweke tu. Akili ikikosa mtu, humtengeneza."

Wote wakaitikia kwa vichwa, isipokuwa Aslaug, aliyefanya kazi miaka thelathini kwenye kiwanda cha samaki na hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Mimi sikuipenda," alisema. "Mzimu gani huo wa kubamiza milango usiku kucha? Wangu hukaa kitini na kusoma gazeti."

"Wako?" akauliza Halvard.

"Oddmund, mume wangu. Tangu Februari."

"Na husema nawe?"

"Hata alipokuwa hai hakusema, Mwalimu."

Hakuna aliyecheka. Mkutubi aliharakisha kutangaza kitabu cha mwezi ujao, kitabu cha bustani.

Walipokuwa wakivaa makoti, Halvard alimsogelea Aslaug.

"Ulifanya nini hata akaja?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sikufanya kitu. Kiti chake nilikiacha palepale."

"Cha mke wangu Bergljot nilikigawa wiki ileile tuliyomzika."

Aslaug alimtazama, akamwonea huruma. Miaka miwili mzee huyu alikuwa akiwafundisha kwamba mizimu haipo, kumbe alikuwa akimngoja mmoja.

"Njoo kwetu Jumapili," alimwambia. "Oddmund hachukii wageni."

Halvard alifunga vifungo vyake kimoja kimoja, kisha akauliza aje saa ngapi.