Firigisi ya Mgeni

...na chaki bado iko mkononi, na Nabwire bado amesimama kwenye dawati la mbele, mwalimu, hii neno meagre maana yake ni nini, na Erastus, mwalimu mzima wa darasa la saba, anageukia ubao watoto wasimwone uso, kwa sababu kule nje, barazani kwa ofisi, mama yake ameketi na kikapu mapajani, ametoka Navakholo kwa miguu tangu alfajiri... haba, kidogo kisichotosha, andika basi, lakini mkono umegoma, mkono unakumbuka Jumapili, alipompeleka George nyumbani, George aliyesoma naye chuo cha ualimu, na mama akamchinja kuku wake wa pekee, tena aliyekuwa ameatamia, katika mwaka huu wa pili wa Uhuru ambapo mvua imewatupa mkono na watu wanakula mahindi ya manjano ya msaada, akasonga obusuma, ugali wa kwao, kidogo, akamwekea mgeni firigisi kama desturi inavyotaka, na yeye Erastus ulimi ukamwasha, akataka George ajue kwamba yeye si mtu wa pale, akasema kwa Kiingereza, a meagre meal, wakacheka wote wawili... sema kweli, Erastus, George alitabasamu tu, aliyecheka ni wewe... mgeni amesema nini, baba, mama akauliza akiwa mlangoni, naye bila hata kumeza mate, anasifu mapishi yako, mama, anasema hajawahi kula kuku mtamu hivi, na mama akapiga makofi kwa furaha, na wewe huli, mama? George akauliza, mimi nakulanga jikoni, nimeshashiba, kuleni nyinyi... Mwalimu? Ngoja, Nabwire, ngoja kidogo... na jana akalitafuta neno katika kamusi kubwa ya ofisini, kuandaa somo tu, akakuta limepitia kwa Wafaransa, likitoka kwa Walatini, na huko mwanzo halikuwa neno la sahani wala la chungu, lilikuwa neno la mwili, mtu aliyekonda, na akaifunga kamusi haraka kama mwizi aliyefumaniwa, maana aliona mikono ya mama ikiandaa meza, vifundo vimetokeza, leso imezungushwa kiunoni ikazungushwa tena na bado inateleza, na George aliiona mikono hiyo, ndiyo maana hakucheka, ndiyo maana alisema ameshiba mapema, mgeni aliona na mwana hakuona... na leo asubuhi Risper karani akachungulia mlangoni, mwalimu, mama yako amekuja, amemletea yule rafiki yako unga, anasema mgeni huyo alipenda sana chakula chake, na yeye akajibu nini, mwambie nina kipindi, angoje, angoje! unga gani huo kama si ule wa msaada, wa kumfikisha mwisho wa mwezi, umebebwa kwa miguu kwa sababu ya uongo wake, akinyamaza mama atarudi nyumbani mikono mitupu huku amefurahi, akisema kweli atarudi na unga wake na moyo uliovunjika, na lipi jema hapo... Mwalimu, tuandike? Watoto wameshika kalamu, wino unakauka, nje mama anahamisha kikapu goti hili hadi lile, anatazama dirishani, anamwona mwanawe mbele ya ubao na anatabasamu, na Erastus anajua sasa, atatoka, atasema ni mimi niliyesema, mama, si mgeni, nami sikusifu, unga atambebea mwenyewe mpaka Navakholo, lakini kwanza atamwuliza kama amekula, na jibu analo tayari, amekuwa nalo tangu utotoni, kila mwaka wa njaa, nakulanga jikoni, na yeye aliyelelewa katika jiko lile, aliyeosha vyombo vyake, hakumbuki hata siku moja kuosha sahani ya mama.