Damu ya Nambari Nne

Neno lililomtia Salme Idarus, mpimaji wa maabara, hasira siku ile lilikuwa moja tu, limeandikwa kwa wino mweusi chini ya karatasi: ulevi.

Karatasi yenyewe ililetwa na Kilonzo, mtu wa makamo, mrefu, aliyepanda ngazi za maabara juu ya duka la vitambaa katika Mtaa wa Biashara huku ameushika mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, kama aliyebeba kuku mgonjwa. Kiganja kilining'inia, hakikuinuka hata alipojaribu kusalimia. Miaka saba alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari, upande wa Dagoretti. Kwa miezi mitatu tumbo lilikuwa likimsokota mpaka analala sakafuni. Daktari wa kiwanda alimtazama kwa dakika tano, akaandika neno lile, akamtuma akapimwe ini.

"Dada, mimi sijui hata ladha ya pombe," Kilonzo alisema. "Mimi ni mzee wa kanisa. Kanisa yetu iko Kawangware, uliza mtu yeyote. Sasa hii karatasi wamesoma ofisini wote. Hata mke wangu amesikia."

"Keti, mzee wangu. Nioneshe ufizi."

Chini ya meno palikuwa na mstari wa samawati iliyokoza, kama uliochorwa kwa penseli. Salme aliutazama muda mrefu.

"Kule mnayeyusha nini hasa?"

"Risasi. Ile ya ndani ya betri. Tunapasua, tunatia tanuri, tunamimina."

"Na puani mnajifunika nini?"

"Mimi niko na leso yangu."

Salme alimtoa damu tyubu mbili. Moja ya ini, kama ilivyoagizwa. Ya pili aliichukua kwa shauri lake mwenyewe. Mwaka uliotangulia, 1975, alikuwa amesoma katika maktaba ya chuo makala kuhusu kimeng'enya kimoja cha damu, akajifunza kukipima kwa kurudia jioni baada ya jioni, ingawa hapo maabara hapakuwa na mtu aliyewahi kukiomba. Kimeng'enya hicho ni fundi mmojawapo wa kutengeneza wekundu wa damu. Kikifanya kazi, ukiichuja damu mpaka yabaki maji yake na kuongeza dawa ya rangi, tyubu hugeuka waridi. Kikilala, tyubu hubaki nyeupe.

Ya Kilonzo, baada ya saa nzima kwenye maji ya vuguvugu, ilibaki nyeupe kama maji ya mchele.

Akachukua damu ile ile, safari hii akaitia chumvi ya zinki pamoja na dawa ya kuisaidia kupenya, akarudia kila hatua. Kilonzo alikuwa bado kwenye benchi. Salme alipomwita, tyubu hii ya zinki ilikuwa imeiva waridi mpaka juu.

"Hii pia ni yangu?"

"Zote mbili zako. Sikiliza, mzee. Hicho kimeng'enya hakiwezi kitu bila zinki. Chembe za zinki ndizo zinazoshika umbo lake, na pale zinapokaa ndipo kazi inapofanyika. Risasi uliyovuta tanurini imezing'oa zinki, ikakalia viti vyao. Inakaa tu, kazi haiijui. Nilipomwaga zinki nyingi, zimerudi mahali pake, na kimeng'enya kikaamka. Maana yake hakikufa, wala hukuzaliwa na upungufu. Kimeporwa."

Kilonzo alizitazama tyubu. "Kwa hivyo si pombe."

"Si pombe."

Kisha akamsogezea Salme kalamu. "Andika hivyo. Andika na herufi kubwa."

Daktari Muchiri, mwenye maabara, alirudi kutoka Westlands alasiri, kutoka kwenye chakula cha mchana kilichoanza saa sita. Wiski ilimtangulia mlangoni. Alisoma ripoti akiwa amesimama.

"Kilichoombwa ni ini."

"Ini nimepima. Ni zima."

"Basi andika ini ni zima, uishie hapo. Bwana Wahome mwenye kiwanda ni mteja wangu, na ni jirani yangu Spring Valley. Hataki hadithi." Akagonga karatasi kwa kidole. "Tena umesoma nusu. Hata pombe hushusha kimeng'enya hiki."

"Hushusha kidogo. Najua. Ndiyo maana nilipima na damu ya mlevi."

Kila mwezi watu watano wa maabara walitoa damu ya kulinganishia mashine, na Salme mwenyewe aliziandika tyubu nambari badala ya majina. Safari hii alikuwa amezipima zote tano. Aliliweka daftari mbele ya daktari.

"Nambari nne imeshuka kwa sehemu moja ya tano. Nilipotia zinki ilipanda kidogo tu, sawa na za wenziwe. Ya Kilonzo ilikuwa chini kabisa, ikapanda mara sita. Pombe haifanyi hivyo. Hiyo ni kazi ya risasi."

"Na nambari nne ni nani?"

"Ni wewe, daktari. Neno ulevi likiandikwa katika nyumba hii, liandikwe kwenye jina lako."

Muchiri hakupandisha sauti. Alimwambia achukue mkoba wake na asirudi.

Salme alitoka na mkoba, na daftari ndani yake. Alitembea mpaka ofisi ya wakaguzi wa viwanda bila kuona watu aliokuwa akiwapiga kumbo. Mkaguzi aliyempokea aliitwa Naliaka, mwanamke wa maneno machache. Alisoma kurasa zote, akauliza maswali ya maana, halafu akafunga daftari.

"Nakuamini. Lakini bila sahihi ya daktari mwenye leseni, hii mbele ya sheria ni wino tu. Na mtu mmoja watasema ni bahati yake mbaya. Niletee wengi."

Hasira ya Salme haikupata pa kukaa usiku wala mchana. Jumapili, yeye binti wa Kiislamu kutoka Lamu, alijitanda buibui akasimama nje ya kanisa la mabati Kawangware mpaka ibada ikaisha. Alimweleza Kilonzo. Kilonzo alirudi ndani, akawazuia wanaume wa kiwandani wasiondoke, akawaambia wafunue ufizi watazamane. Mistari ya samawati ilionekana mdomo baada ya mdomo; hakuhitaji kuhubiri.

Jumatatu asubuhi Muchiri alikuta wanaume kumi na mmoja wameketi kwenye ngazi zake, mikono ya mashati imekunjwa. Juu kabisa alisimama Naliaka, aliyepashwa habari na Salme, akiwa na fomu za serikali.

"Nataka hawa wapimwe kwa kipimo kile kile, mbele yangu," alisema. "Nani hapa anakijua?"

Hapakuwa na anayekijua. Muchiri alisimama na funguo mkononi, wanaume wakimtazama, mmoja akikohoa. Mwishowe alimtuma karani akamwite Salme, aliyekuwa chini mlangoni pa duka la vitambaa, akingoja.

Alifanya kazi mpaka saa kumi bila kusemezana na daktari. Tyubu tisa zilibaki nyeupe, na zote tisa ziliamka kwa zinki. Muchiri alitia sahihi kila ukurasa, kalamu ikikwaruza, na Naliaka akahesabu sahihi moja moja.

Wiki ile wakaguzi walilifunga tanuri kwa lakiri ya serikali. Kilonzo alilazwa, akatundikiwa chupa za dawa inayoikamata risasi na kuitoa kwa mkojo. Tumbo lilipoa. Kiganja kiliinuka, lakini si chote. Vifungo vya shati alifungiwa na mkewe tangu hapo. Ile karatasi ya ulevi haikuondolewa kwenye faili lake, na hakuna aliyekuja kumwomba radhi. Salme alipata kazi kwenye maabara nyingine.

Miezi mitano baadaye Kilonzo alimfuata huko. Alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka njia ya Ngong.

"Dada, Wahome amejenga tanuri ingine huko. Ameandika watu wapya, hawajui kitu. Nimeona moshi na macho yangu."

"Uliwaambia?"

"Niliwaambia. Askari wa lango alinifukuza, akasema mimi ni mlevi, kiwanda yote wanajua."

Salme alivua koti la maabara. Alitia sindano na tyubu kumi na mbili kwenye mkoba, akachukua karatasi na kuanza kumwandikia Naliaka. Alikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka, akachukua nyingine, akaanza upya kwa jina la Kilonzo na maneno si pombe, kwa herufi kubwa.